Gitaa Linasikia Zaidi ya Nyuzi Zake

Je, wajua kwamba gitaa la umeme husikia feni? Husikia pia transfoma, taa za jukwaani na chaja ya simu iliyosahauliwa kwenye ekstensheni. Muziki wa dansi ukiingia kwenye chemko hakuna anayegundua, maana ngoma, besi na tarumbeta hufunika kila kitu. Bendi ikikata wimbo na mshereheshaji akashika maikrofoni, ndipo ukumbi mzima unausikia: mmmmm. Fundi mitambo anatazamwa kwa jicho baya, na meza ya mbele imeshatoa hukumu kwamba spika zimekufa.

Spika haina kosa. Mvumo ule umeingia mapema zaidi, mara nyingi kwenye gitaa lenyewe au kwenye soketi ya ukutani, na kila kifaa kilichofuata kimeukuza tu.

Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Pikapu moja ya gitaa la Stratocaster ina mizunguko kama 8,000 ya waya huo. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku hubadilika na koili huzalisha umeme kidogo sana. Shida ni kwamba koili haichagui. Uga wowote unaobadilika karibu yake huuhesabu kuwa muziki, na umeme wa gridi kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, usiku na mchana.

Hezi 50 ni noti ya G iliyopanda kidogo. Pacha wake wa hezi 100 huangukia karibu na G unayoipata kwenye uzi mnene, freti ya tatu. Ndiyo maana wimbo ulio katika ki ya G huuficha mvumo, na ule ulio nusu hatua chini yake huuanika. Marekani, ambako umeme ni hezi 60, mvumo wao uko kati ya B bemoli na B. Ukumbi ukiwa kwenye jenereta ndogo mambo huchekesha zaidi: taa zote zikiwashwa injini inalemewa, mzunguko unashuka, na mvumo nao unashuka noti.

Mwenye pikapu ya koili moja ana dawa ya bure: ageuke. Koili hupokea mvumo kwa nguvu au kwa unyonge kulingana na upande ilikoelekea, kwa hiyo kusogea hatua mbili kutoka kwenye amplifaya na kujigeuza robo duara kunaweza kupunguza sehemu kubwa ya kelele. Ukimwona mpiga solo amesimama upandeupande, usidhani anaringa. Wapo wanaobandika karatasi ya alumini ndani ya gitaa wakitarajia kimya. Karatasi hiyo, ikiunganishwa na ethi, hupunguza mkwaruzo wa taa na vifaa vya kielektroniki, ila uga wa sumaku wa transfoma hupita hapo bila hodi.

Dawa yenyewe ilitoka Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, ile ambayo wapiga gitaa huiita hambaka. Koili hulala bega kwa bega. Moja ina ncha ya kaskazini ya sumaku chini ya nyuzi, ya pili ina ncha ya kusini, kisha waya wa ile ya pili unaunganishwa kinyume.

Sasa fuatilia polepole. Mvumo unatoka hewani na haujali ncha za sumaku, kwa hiyo unaziingia koili zote mbili kwa namna ileile. Kwa kuwa moja imeunganishwa kinyume, hii ikisukuma umeme juu, ile inausukuma chini, na jumla yao inakaribia sifuri. Uzi ni habari nyingine, kwa sababu umeme wake hutegemea ncha ya sumaku iliyo chini yake: kwenye kaskazini unapanda, kwenye kusini unashuka. Umeshageuzwa na sumaku, unageuzwa tena na muunganisho, unarudi upande uleule. Koili mbili zinajumlisha uzi na kufuta mvumo kwa pigo moja. Hakuna betri, hakuna programu, ni kinyume cha kinyume tu.

Hataza ilitoka 1959. Gibson ikaja kuchapa kwenye pikapu hizo namba ya hataza nyingine kabisa, inayohusu kishikio cha nyuzi cha Les Paul, na hadi leo wapenzi wa magitaa ya zamani hubishana kama ilikuwa bahati mbaya au mtego kwa waigaji. Mvumbuzi Ray Butts naye alikuwa akiunda pikapu ya aina hiyo iliyoishia kwenye magitaa ya Gretsch.

Hambaka ina gharama yake. Husikiliza uzi sehemu mbili kwa wakati mmoja, hivyo baadhi ya sauti za juu kabisa hufutana na mlio hunenepa. Mpiga solo wa dansi anayetaka nyuzi zing'ae na kupenya katikati ya tarumbeta anaweza kushikilia koili moja na kuuvumilia mvumo. Simlaumu.

Ninaowalaumu ni wakata ethi. Soketi zetu za pini tatu zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ya juu, ile ya ethi. Amplifaya yenye plagi ya pini mbili haiingii, basi mtu anachomeka kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu, soketi inadanganyika, muziki unaanza. Wengine huing'oa pini ya ethi makusudi kwa sababu mvumo hupungua. Hupungua kweli, na ndilo balaa lake. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia daraja, kwa hiyo hitilafu ndani ya amplifaya isiyo na ethi inaweza kuzifikisha volti 230 kwenye vidole, na midomo ikigusa maikrofoni mzunguko umekamilika. Ethi ikikosekana upande wa maikrofoni hatari ni ileile: mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyo na ethi huku ameshika gitaa.

Wenye kumbi nao hununua taa mpya za rangi huku nondo ya ethi nyuma ya ukuta ikiliwa na kutu, au waya wake wa shaba ukiwa umeshauzwa kwa kilo.

Mvumo unaowasukuma watu kukata ethi kwa kawaida huzaliwa pale amplifaya inapopata ethi kwenye soketi moja, mixa kwenye soketi ya upande wa pili wa ukumbi, na waya wa sauti ukaziunganisha. Hapo ni pete kubwa ya shaba inayokusanya hezi 50 kama koili. Lisha jukwaa na mixa kutoka sehemu moja, taa zipewe laini yao. Ikishindikana, weka kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha ala na mixa, chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti peke yake. Ethi ya umeme ibaki ilipo.

Kuitafuta kelele kuna utaratibu, na kupiga teke amplifaya hakumo. Punguza volyumu ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki, gitaa halina hatia. Chomoa waya kwenye amplifaya. Ikibaki bado, ni amplifaya au umeme. Ikinyamaza, unganisha gitaa moja kwa moja kwa waya mmoja, kisha rudisha pedali moja baada ya nyingine mpaka mkosaji ajitaje. Mara nyingi ni adapta ya bei rahisi: lishe pedali kwa betri ya volti 9 kwa jaribio tu, kisha tafuta adapta bora, maana betri hizo huishia mtaroni. Mkwaruzo unaokuja ukitikisa waya ni jeki iliyoachia, na tone la risasi huiponya. Nyaya nyingi hutupwa zikiwa na ugonjwa huo mmoja. Mkwaruzo wa kitufe ni vumbi. Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi ni kawaida, kwa sababu mwili wako hukusanya kelele na nyuzi huipeleka kwenye ethi. Ukizidi ukigusa, zima kwanza, uliza baadaye.

Hila ya kinyume cha kinyume haikubaki kwenye gitaa. Imo kwenye nyaya za maikrofoni zenye jeki ya pini tatu, laini za simu, kebo za intaneti zenye nyaya zilizosokotwa mbilimbili, mashine za hospitali za kupima mapigo ya moyo, na baadhi ya maikrofoni zenyewe.