Helmeti ya abiria imepimwa kwa kichwa cha nani?

Kampeni ya Tuwurinde, inayoendeshwa na shirika la Healthy People Rwanda, imeleta Kigali swali lililokuwa likipitwa: helmeti anayokupa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ina thamani gani? Sheria ilishaamua kwamba abiria avae, hapo hapana mjadala. Kinachobaki ni povu. Si sponji, maana sponji ikibonyezwa hurudi, na kurudi ndiko kusikotakiwa. Povu la polistirini lililo chini ya gamba ni hewa kwa takriban asilimia 95, na huokoa kwa kufa: vijumba vyake husagika safu baada ya safu, kwa nguvu isiyobadilika sana, hadi mwendo wa kichwa uishe. Kichwa kikifika kwa mita 7.5 kwa sekunde, mwendo wa jaribio la Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, na kusimamishwa kwa nguvu isiyobadilika ndani ya sentimita 3, ukali wa kusimama kwake ni kama mara 96 ya uvutano wa dunia. Kikipewa sentimita 1 tu, ni mara 287, ilhali kikomo cha kanuni ni 275.

Watengenezaji wa bunduki za marisau wanalijua fumbo la kuchagua ugumu unaofaa, kwenye vitako vyenye springi. Kitako hakipunguzi msukumo unaorudi, huurefusha tu ili bega lisukumwe badala ya kupigwa. Springi iliyochaguliwa kwa risasi ya gramu 24 za marisau, kikomo cha Olimpiki, ikipewa ya gramu 36 hugota, na salio la kishindo huingia begani kama teke. Ukiikaza kwa gramu 36, ile ya 24 haiibonyezi ipasavyo. Povu nalo likiwa laini mno hugota, likiwa gumu mno halisagiki. Tena si mwendo tu unaobadilika. Vichwa bandia vya maabara huanzia kilo 3.1 hadi 6.1; nguvu ikiwa ileile, kilicho chepesi husimamishwa kwa ukali karibu maradufu. Basi helmeti ileile inayopanda Nyabugogo na mwanafunzi na kushuka Kimironko na baba mwenye mwili haiwezi kuwafaa wote wawili.

Atatokea wa kusema kwamba pikipiki za mjini huenda polepole, hivyo helmeti yoyote yatosha. Yoyote ni bora kuliko kichwa kitupu, kweli, lakini kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 tu, hata pikipiki ikiwa imesimama, hufika lami kwa mita 5.4 kwa sekunde. Toleo la 06 la kanuni liliongeza jaribio la mita 6.0 kwa sekunde lenye kikomo cha mara 180, sambamba na la 8.2, kwa kuwa povu lililokazwa kwa ajili ya ajali kubwa laweza kuwa katili katika ndogo. Motari akibeba helmeti mbili za abiria, kubwa na ndogo, angalau uzito wa kichwa utakaribiana na povu lake. Ila iliyokwisha kuanguka na mtu isihesabiwe: pale iliposagika haina cha kusagika tena, hata gamba likimeta.