Herufi Zifundishwe kwa Masikio na Mikono

Watoto wengi wa vijijini mwetu, wakifika miaka mitano au sita, huweza kuimba herufi zote toka A mpaka Z bila kukosa hata moja. Wazazi hufurahi, wageni hupiga makofi. Lakini mwandikie mtoto huyo neno dogo kama sato, samaki anayemjua tangu kuachishwa ziwa, umwulize limeandikwa nini. Mara nyingi atanyamaza, au ataanza wimbo wake upya. Kumbe amejifunza wimbo, hakujifunza kusoma.

Wazazi wapenzi, jambo hili si dogo. Mtoto asiyeelewa kwamba herufi ni alama ya sauti huingia darasa la kwanza kama mtu aliyefungwa macho. Wenzake wanaendelea, yeye anabaki kukariri ukurasa kwa kuwasikiliza. Akifika darasa la tatu anaona aibu, na aibu ikizidi anaanza utoro. Na huku kwetu kando ya ziwa mtoto mtoro hakosi pa kwenda: mwaloni kuna dagaa wa kuanika, mbugani kuna ng'ombe wa kuchunga. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania kupima watoto. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya darasa la pili.

Tusiwatupie walimu lawama yote. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa darasa la awali uwe wa lazima, na mwaka 2015 ukaletwa mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, ndio KKK tunazozisikia. Mwaka 2016 ada na michango ilipoondolewa, watoto walimiminika shuleni. Ni jambo la kushukuru, lakini mwalimu mwenye watoto mia mbele yake hawezi kumshika kila mmoja kidole. Nyumbani ndiko kwenye vidole vichache. Basi, sisi wa nyumbani tufanye nini?

JINA LA HERUFI SI SAUTI YAKE

Kwanza tujue kosa lilipo. Mtoto akifundishwa kwamba herufi hii inaitwa "em" na ile "a", akiziunganisha atapata "ema". Akifundishwa "be" na "a", atapata "bea". Mama na baba atawasomaje? Lakini akijua kwamba M ni sauti ile ya kufumba midomo, mmm, basi mmm na a vikikutana huzaa ma bila shida. Ma mara mbili, tayari ni mama. Majina ya herufi atayajua baadaye, wala hayatamkimbia.

Kiswahili kimetupa bahati kubwa hapa. Irabu zetu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto wa Kiingereza hukuta herufi A ikitamkwa hivi katika neno hili na vingine katika neno lile. Mtoto wetu hana taabu hiyo. Tena Q na X hatuzitumii katika maneno yetu, na C haisimami peke yake ila pamoja na H.

Angalia jambo moja. Zipo sauti za kuvutwa, kama mmm, sss, lll, fff. Zipo na za kukatika, kama b, d, k, t. Hizi za pili usizivute. Zitamke kwa ufupi, kisha uziunganishe upesi na irabu: ka, ke, ki, ko, ku. Anza na za kuvutwa, maana sikio la mtoto huzikamata haraka.

SOMO LA ZAMANI LA HAPA KWETU

Kufundisha herufi kwa vitu vya kazi ya watu si jambo geni Mwanza. Mwaka 1968 serikali, pamoja na UNESCO, ilianza hapa mradi wa majaribio wa kuwafundisha watu wazima kusoma katika mikoa ya ziwa. Vitabu vyao vya kwanza vilizungumza juu ya pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba, yaani mambo ambayo mikono ya wasomaji ilikuwa ikiyashika kila siku. Mwaka 1971 Ukerewe ikawa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Wazee walioshika kalamu miaka ile walianza na maneno ya shamba lao na mtumbwi wao. Ikiwa njia hiyo iliwafaa watu wazima, mtoto mdogo, ambaye hujifunza kila kitu kwa kushika, itamfaa zaidi.

Naye Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Katika njia yake watoto hupitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, huku wakitamka sauti zake. Jicho linaona, sikio linasikia, kidole kinakumbuka. Karatasi ya msasa hatuna kila nyumba, lakini mchanga tunao.

MICHEZO SITA YA NYUMBANI

1. Mchezo wa sikio. Huu hauhitaji hata herufi moja. Mnapochambua dagaa au kupukuchua mahindi, mwambie mtoto: "Nimekwenda mwaloni nikaona kitu kinachoanza na sss." Naye ajibu: samaki, sato, sangara, sufuria. Kesho yake iwe mmm: mtumbwi, maji, mama. Akishazoea, naye akuulize wewe.

2. Kupiga makofi. Kila pande la neno lipate kofi lake: sa-ma-ki, makofi matatu, ku-ku, mawili. Da-ga-a ni matatu. Neno mto ni mawili, m-to, maana M pale husimama peke yake. Kwa mchezo huu mtoto hutambua kwamba neno hukatika vipande, na vipande ndivyo tunavyoviandika.

3. Kuandika mchangani. Tandaza mchanga mkavu au majivu yaliyopoa na kuchekechwa katika sinia. Andika herufi moja kubwa kwa kidole, ukitamka sauti yake. Mtoto apitishe kidole palepale, akianzia ulipoanzia wewe na kwenda njia ileile, kwa sababu mkono ukizoea njia mbaya ni kazi kuugeuza. Kisha tikisa sinia, herufi ifutike, aandike mwenyewe. Mchanga uchotwe na mtu mzima, uletwe nyumbani. Msiwafanye watoto wachezee ukingoni mwa ziwa, maana majini mna kichocho, na mahali pengine mna mamba.

4. Herufi za kukwaruza. Kata vipande vya boksi ukubwa wa kiganja. Pika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Andika herufi kwa uji huo, unyunyizie mchanga, uanike juani. Ukikauka, kung'uta mchanga uliozidi. Hiyo ndiyo msasa yetu. Mtoto afumbe macho, aguse, aseme sauti. Watoto hupenda mno kubahatisha.

5. Herufi za udongo na kamba. Udongo wa kichuguu ukikandwa vizuri hufanya nyoka wembamba. Nyoka mmoja akikunjwa huwa S, akifungwa huwa O. Kipande cha kamba ya nyavu chafaa vilevile. Waweza pia kuandika herufi kwa mkaa juu ya boksi, mtoto apange punje juu yake. Lakini sikiliza vizuri: tumia mahindi au maharage ya kula tu. Mbegu za kupanda, za pamba na hata za mahindi, mara nyingi zimepakwa dawa ya sumu. Zisiguswe na watoto kabisa. Na wale wadogo wa chini ya miaka mitatu wakae mbali na punje, wasije wakazitia puani au kupaliwa.

6. Visoda. Okota vifuniko vya chupa za soda, vioshe, gongagonga kingo zake zisikate. Ndani ya kila kimoja bandika karatasi yenye herufi. Weka irabu upande mmoja na konsonanti upande wa pili. Mtoto avute M, aisogeze kwa A, aseme ma. Aiondoe A alete E, aseme me. Hapa ndipo kusoma kunapoanza kweli.

ANZA NA KUMI TU

Usimmwagie mtoto herufi zote kwa mara moja. Chukua irabu tano, kisha konsonanti tano: M, S, L, K na T. Herufi moja kwa juma yatosha. Majuma kumi yatapita upesi kuliko msimu wa pamba. Kwa hizo kumi utapata silabi ishirini na tano, na kutoka humo atasoma mama, kuku, kiti, meli, soko, sato, samaki, kisima, mto na mkeka. Mtoto aliyesoma neno samaki peke yake hatahitaji kusukumwa tena. Atakuuliza herufi nyingine yeye mwenyewe.

Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh na ny, zingojee mpaka hizi zimekaa. Vivyo hivyo tofauti ya ngoma na ng'ombe. Herufi ndogo b na d huwachanganya hata watoto wa darasa la pili, basi wafundishe hivi: b ni fimbo kwanza kisha mpira, d ni mpira kwanza kisha fimbo. Wazipitishe mchangani siku tofauti, zisiletwe pamoja.

R NA L, NA LUGHA YA NYUMBANI

Watoto wetu wengi husema Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza kabla ya Kiswahili. Hilo si kosa, wala usimkataze. Mchezo wa sikio uchezwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, kwa maneno anayoyajua. Sikio likishafunguka litasikia na Kiswahili.

R na L ndizo zinazotusumbua zaidi, hasa Usukumani. Usimcheke mtoto, maana anayechekwa hufunga kinywa. Mwonyeshe ulimi wako: katika L ulimi unagusa juu na kutulia, katika R unatetemeka. Mfanye angurume kama injini ya mtumbwi ikiwashwa, rrr. Halafu mpe maneno mawili mawili: kula na kura, mahali na mahari. Akiona kwamba herufi moja inageuza chakula kuwa uchaguzi, hatasahau.

"MIMI MWENYEWE SIJUI KUSOMA"

Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya hapo nilipitia chuo cha ualimu. Ofisini kwangu hufika akina mama wanaotia dole gumba badala ya sahihi, nao huniambia: "Karani, mimi nitamfundishaje mtoto, na kalamu sijaishika?" Huwajibu hivi. Mchezo wa sikio na makofi hauhitaji kujua kusoma. Unahitaji kinywa na saburi, na hivyo akina mama wanavyo. Kwa herufi, mwite kaka au dada yake wa darasa la nne atengeneze vile vipande vya boksi, kisha kaeni wote watatu. Mwulize mdogo, "Hii inaliaje?" Akikufundisha wewe, amejifunza mara mbili. Na mama mmoja au wawili wametoka katika mchezo huo wakiandika jina lao.

Akina baba nao wasikae kando. Robo saa baada ya chakula cha jioni yatosha. Mtoto akichoka, acheni, msimlazimishe wala kumpiga, maana atakayepigwa kwa ajili ya A ataichukia hata Z.

Basi juma hili chagua sauti moja, mmm. Kata boksi, korogeni uji, leteni mchanga. Jumapili ijayo muulize mtoto ni vitu vingapi njiani kwenda kanisani vinavyoanza na sauti hiyo, nawe uvihesabu pamoja naye: mti, mbuzi, mlango, mwalimu, mama.