Kukadiria Kazi ya Mafigo kwa Hesabu

Kila dakika mafigo mawili ya kijana mwenye afya huchuja takriban mililita 120 za majimaji ya damu. Mafigo hayo yaweza kupoteza nusu ya nguvu zake pasipo mgonjwa kusikia maumivu yoyote. Tabibu atajuaje?

Msaada hutoka katika misuli. Humo mna kemikali iitwayo kreatini, ambayo kila siku sehemu yake ndogo hugeuka kuwa takataka iitwayo kreatinini. Takataka hiyo huingia katika damu kwa kiasi kisichobadilika sana, nayo mafigo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Mafigo yakidhoofika, kreatinini hulimbikizana. Uchujaji ukipungua kwa nusu, hatimaye kreatinini huongezeka takriban maradufu.

Hata hivyo, kipimo hicho peke yake chaweza kudanganya, kwa kuwa watu hawalingani kwa misuli. Mwaka 1976 Cockcroft na Gault wa Kanada walitoa kanuni iliyotokana na uchunguzi wa wanaume 249. Toa umri katika 140, kisha zidisha kwa uzito wa mwili kwa kilo. Jibu ligawanye kwa 72 iliyozidishwa na miligramu za kreatinini zilizomo katika kila mililita 100. Kwa mwanamke, zidisha tena kwa 0.85.

Tuchukue kijana wa miaka 20 mwenye kilo 72, na mzee wa miaka 80 mwenye kilo 48. Kreatinini ya kila mmoja ni 1.0. Kijana hupata mililita 120 kwa dakika, mzee 40 tu. Mzee huyo akidungwa jentamisini mara nyingi kama kijana, dawa itakawia mwilini na yaweza kumharibia mafigo na masikio.

Kanuni nyingine zimefuata. Ile iliyotolewa Marekani mwaka 2021 hutumia kreatinini, umri na jinsia, bila kuzingatia rangi ya mtu kama ilivyofanya ile ya mwaka 2009. Lakini zote ni makadirio. Mafigo yakisimama ghafla asubuhi, kreatinini ya jioni haitakuwa imepanda vya kutosha kuonyesha ukubwa wa hatari.

Mwanafunzi na ajaribu: mwanamke wa miaka 50, kilo 60, kreatinini 1.5. Jibu ni mililita 42.5 kwa dakika.