Kusoma kwa Masikio

Hadithi! Hadithi njoo!

Haya wajukuu zangu, sogeeni motoni, baridi ya Tandala haina mchezo. Leo nawasimulia namna mtu asiyeona anavyosoma ukurasa wa intaneti.

Tuseme ni binti aliyemaliza darasa la saba, anatafuta matokeo yake ya mtihani kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kompyuta yake ina NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili wasioona. Programu hiyo humsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Kipanya hakigusi, kazi yote iko kwenye kibodi.

Mnadhani anausikiliza ukurasa mzima, toka juu hadi chini? Thubutu! Angekesha. Akibonyeza H, anaruka hadi kichwa cha habari kinachofuata. K humpeleka kwenye kiungo, T kwenye jedwali. Akishikilia Shift, anarudi nyuma. Sasa msikilizeni: anabonyeza Insert na F7 kwa pamoja, inafunguka orodha ya viungo vyote. Anaandika "njo", sauti inatamka mkoa wake: Njombe. Anabonyeza Enter. Kisha wilaya yake, Makete, kisha shule yake. Amefika!

Ni kama kupanda basi Makambako wakati wa ukungu. Nje huoni kitu, lakini konda akiita "Njombe!" unajua ulipo. Konda akinyamaza, umepitilizwa.

Na konda wa ukurasa ni yule aliyeuandika. Wapo wanaokuza na kukoleza maandishi tu, wakadhani wameweka kichwa cha habari. Macho yanakiona, lakini kwa NVDA ni maneno kama mengine, na H inapita bila kusimama. Picha isiyo na maelezo mara nyingine humwachia binti jina la faili tu, "IMG 2043", asijue kama ni mwalimu au ni mlima. Kisanduku cha fomu kisicho na jina humwacha akijiuliza: niandike jina au namba ya simu? Hapo akili yake haina kasoro. Kasoro iko kwenye ukurasa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, siku mkitengeneza ukurasa, vichwa viwekeni kama vichwa kweli, na kila picha ipeni maelezo. Kisha washeni NVDA, fumbeni macho, mtafute jambo moja kwa kibodi tu. Mtakapokwama, parekebisheni kabla mwenzenu hajafika.