Ramani ya kugusa pale Sudi: inawezekana

Wadau, wala si ndoto. Chukua Raspberry Pi, skrini ya kugusa, na Chromium uifungue kwa mtindo wa kioski: ramani inajaza skrini nzima, mtu hachungulii mengine (nawajua nyie!). Ramani yenyewe ni OpenStreetMap, iliyoanza 2004. Ni bure, na ukishaiandaa kwenye kadi huhitaji intaneti. Chumvi ya bahari hula nyaya, so kasha lifungwe barabara.

Kazi ngumu ni majina. Dar, Ramani Huria ilipoanza 2015 iliwatembeza wanafunzi na wakazi mitaani, ndo mifereji ikaingia kwenye ramani. Sudi nako waulizwe wavuvi majina ya miamba, na kina mama majina ya visima, kabla wazee hawajaondoka nayo.