Namba, Neno na Jina la Nchi: Jinsi Kompyuta Inavyotafuta Kumbukumbu za Tiba

Mtu aingiaye katika duka la vipuri huko Gerezani, Dar es Salaam, hupata upesi anachokitaka iwapo anaijua namba ya kipuri. Asiyeijua hulazimika kueleza kwa maneno: aina ya gari, mwaka lilipoundwa, na sehemu iliyoharibika. Muuzaji hukisia, na pengine mnunuzi huondoka na kitu kisichofaa. Kutafuta kumbukumbu za utafiti wa tiba hufuata kanuni hiyo hiyo, ila huko kosa la mtafutaji laweza kugusa afya ya watu.

Hazina na chombo chake

Miongoni mwa hazina kubwa za kumbukumbu hizo ni PubMed, iliyo chini ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ndani yake zimo kumbukumbu zaidi ya milioni 35, na tangu mwaka 1997 hutumiwa na watu wote bila malipo. Jirani yake ni GenBank, inayohifadhi mifuatano ya herufi za urithi za viumbe na virusi. Mfumo unaozifungua hazina hizi huitwa Entrez, nao ulianza mwaka 1991.

Mtafiti mwenye kazi kubwa hutumia programu ndogo nne zinazopokezana kazi. Ya kwanza, esearch, hutafuta na kutaja idadi ya kumbukumbu zilizopatikana. Ya pili, elink, hutoka katika kumbukumbu moja na kwenda kwa nyingine inayohusiana nayo, kwa mfano kutoka kwenye makala hadi kwenye mfuatano wa kirusi. Ya tatu, efetch, huzileta kumbukumbu zenyewe. Ya nne, xtract, huchambua na kutoa sehemu zinazohitajika tu, kama vile jina la makala na mwaka.

Mfano wa homa

Mwaka 2014 jiji la Dar es Salaam lilipatwa na mlipuko wa homa ya dengi. Dalili zake za mwanzo hufanana na za malaria, na pia na za chikungunya. Mbu Aedes aegypti aweza kueneza dengi na chikungunya pia, naye huzaliana katika maji machache yaliyotuama, hata yale ya mvua yaliyobaki ndani ya tairi kuukuu. Tuseme, basi, daktari ataka kujua historia ya chikungunya nchini. Anaiagiza kompyuta itafute kumbukumbu zenye neno "chikungunya" pamoja na neno "Tanzania". Je, amepata zote?

La. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, na jina lake latokana na neno la Kimakonde linaloonyesha mgonjwa alivyopindika kwa maumivu ya viungo. Lakini makala za Robinson na Lumsden za mwaka 1955 zilitaja katika vichwa vyake "ugonjwa wa virusi" katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Jina la Tanzania halikuwapo hadi mwaka 1964. Makala ya Ross ya mwaka 1956, iliyoeleza jinsi kirusi kilivyopatikana, ilitaja Newala peke yake. Kumbukumbu nyingi za zamani hazina muhtasari, hivyo kompyuta husoma kichwa cha makala na maneno machache ya mada tu. Kwa sababu hiyo utafutaji ule waweza kuzipita makala zile zilizo msingi wa elimu yote ya ugonjwa huo.

Dawa ni kuongeza majina yaliyotumika zamani, yakiunganishwa kwa neno lenye maana ya "au": Tanzania au Tanganyika au Newala. Kila "au" hulipanua juya. Kila "na" hulipunguza. Juya pana huleta samaki pamoja na takataka, lakini katika suala la maradhi ni afadhali kuchambua takataka kuliko kumkosa samaki.

Ajuaye namba hana shida hiyo. Namba AF369024 katika GenBank humfikisha moja kwa moja kwenye mfuatano wa kirusi cha aina ya S27, kilichopatikana Tanganyika mwaka 1953, wenye herufi zipatazo 11,800.

Mpaka wa chombo

Hata hivyo, hapana budi kukumbuka kwamba kompyuta hutafuta kilichoandikishwa tu. Taarifa ya homa iliyobaki kabatini katika zahanati au ofisi ya wilaya haitaonekana, hata maneno yachaguliwe kwa ustadi gani. Jibu la "hakuna kumbukumbu" si ushahidi kwamba hakuna ugonjwa. Kwa hiyo kazi ya kutafuta huanza mapema, siku ile mtafiti anapoandika kwa usahihi jina la ugonjwa, mahali na mwaka, ili atakayekuja baada yake apate pa kushika.