Kelele za Simu: Kweli au Si Kweli?

"Wanaopinga mauaji ya wanawake ni mabinti wa Nairobi wenye bando, na kelele zao huishia kwenye simu."

Si kweli. Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya wanawake, na wanaume pamoja nao, waliandamana Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Wito ulipita kwenye simu, chini ya alama ya #TotalShutdownKE. Disemba waliporudi barabarani Nairobi, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Januari 2025 Rais William Ruto akaunda jopo la kushughulikia ukatili wa kijinsia na mauaji hayo. Jopo halimfufui mtu, lakini bila kelele zile lisingekuwapo.

"Wanaouawa ni wale wanaofuatana na watu wasiowajua."

Si kweli, na neno hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwanzoni mwa 2024, wasichana wawili walipouawa Nairobi katika vyumba vya kukodi kwa siku, wengi waliuliza kwanza: walifuata nini huko? Wanaharakati wakajibu kwa hesabu. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi au jamaa zao, yaani 140 kila siku. Afrika iliongoza kwa 21,700.

Agnes Tirop wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021. Mwezi uliofuata alikutwa nyumbani kwake Iten, amechomwa kisu, amekufa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris Agosti 2024. Septemba, nyumbani kwake Trans Nzoia, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Baba yake Rebecca alieleza kwamba walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko polisi. Mabinti hawa hawakufuata mtu. Walikuwa kwao.

"Ya chumbani hayahusu serikali."

Si kweli. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na haidai cheti cha ndoa: mchumba, mtalaka, hata mtu uliyezaa naye, wote wamo. Wala si kipigo peke yake. Matusi, kufuatwafuatwa na kubanwa kwa fedha vimetajwa pia. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi.

"Harakati hizi ni chuki dhidi ya wanaume."

Si kweli. Sheria hiyohiyo wanayoitetea wanaharakati inamlinda mume anayepigwa.

"Kuposti kunaweza kumponza mwathirika."

Kweli kabisa, na wenye nia njema wanapaswa kulisikia. Picha ya mwanamke mwenye jeraha, ikionyesha ukuta wa nyumba ya shangazi alikokimbilia, inamwelekeza mpigaji hadi mlangoni. Huenda pia mume anaishika simu ya mkewe kila jioni na kusoma kila ujumbe. Kabla ya kuposti, muulize mwathirika mwenyewe kwanza, tena kwa mdomo ikiwezekana. Akikubali msaada, namba 1195 ya msaada kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia hupigwa bure nchini Kenya. Akienda kituoni, mtu afuatane naye, asirudi bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na aulizie fomu ya P3, ambayo daktari huandikia majeraha, kabla majeraha hayajapona.